Onyo Si Malezi

Katika sharika zetu nyingi siku hizi yupo kijana anayesoma China. Wengine wanasomea udaktari, wengine uhandisi, wengine biashara au lugha. Wapo waliopata ufadhili wa serikali ya China, na wapo waliolipiwa na wazazi waliouza ng'ombe au kipande cha shamba. Siku ya kuondoka tunamwita mbele ya madhabahu, tunamwekea mikono, tunamwombea, na washarika wanatoa sadaka ya kumsindikiza. Kisha tunampa wosia, na wosia wetu karibu wote una mambo mawili: usiende kwenye madisko, usiingie katika mahekalu ya sanamu. Ndege ikishapaa tunajihesabu kuwa tumemaliza kazi.

Tunaandika kuipinga desturi hiyo, na tunaipinga tukiwa ndani yake, kwa sababu wosia huo tumeutoa kwa vinywa vyetu wenyewe. Hatusemi kwamba disko ni mahali salama kwa kila kijana, wala hatusemi kwamba sanamu ni kitu cha kuchezea. Tunasema kwamba Kanisa linalomtuma mtoto wake mbali likiwa limempa onyo peke yake, bila kumfundisha kutazama na kupambanua, na bila kumfuata kwa upendo, halijamlinda. Limemtelekeza. Na likija baadaye kumhukumu, linamhukumu kwa kosa ambalo nusu yake ni lake lenyewe.

Jambo lililotufungua macho lilitupata nyumbani. Binti mmoja wa usharika wetu, tuliyembatiza na kumpa kipaimara, mwimbaji wa kwaya ya vijana, alikwenda kusoma katika mji wa Xi'an. Mwaka wake wa pili, katika sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, alimtumia ndugu yake picha mbili. Katika ya kwanza amesimama usiku na wanafunzi wenzake katika barabara yenye taa nyingi mno, glasi mkononi. Katika ya pili yuko katika uwanja wa hekalu la Wabudha, na nyuma yake unapanda moshi wa ubani. Ndugu yule alizituma kwenye kundi la familia, na kabla ya Jumapili picha zilikuwa kwenye simu ya kila mzee wa kanisa.

Baraza la wazee lilikaa, nasi tukiwa mezani. Maneno yaliyosikika yalikuwa ulevi na ibada ya sanamu. Hakuna aliyeuliza kama binti yule alichoma ubani au alikuwa mtazamaji tu. Hakuna aliyeuliza amekuwa akiishije. Tulikubaliana kwamba aandike barua ya toba, na mpaka atakapoiandika, jina lake liondolewe katika orodha ya wanafunzi wanaoombewa kila Jumapili. Mtu tuliyesema yuko hatarini, adhabu tuliyompa ilikuwa kuacha kumwombea.

Barua yake ilikuja, ukurasa mmoja. Hakujificha. Alisema katika glasi ilikuwa bia, naye aliinywa. Alisema hakuchoma ubani wala hakupiga magoti. Aliingia kwa sababu alitaka kujua. Alieleza kwamba wakati wa sikukuu ile Wachina wote hurudi kwao, bweni hubaki tupu, na nje kuna baridi ya kugandisha maji. Katika miezi mitano, watu wa usharika waliomtafuta walikuwa watatu, na wote watatu walitaka awanunulie simu. Mwisho aliuliza swali: kama tulijua ndani ya mahekalu kuna hatari, mbona hatukumwambia kuna nini ndani? Hatukuwa na jibu. Ukweli ni kwamba tulikuwa hatujui.

Tumejifunza kidogo tangu siku ile, na tulichojifunza kimetuaibisha. Xi'an ndio mji ulioitwa zamani Chang'an, makao makuu ya wafalme wa ukoo wa Tang. Hekalu aliloingia binti yetu linaitwa Da Ci'en, na ndani yake umesimama mnara wa orofa saba, wenye urefu wa mita 64 hivi, unaotambulikana kama Mnara Mkubwa wa Bukini Mwitu. Mnara huo ulijengwa mara ya kwanza mwaka 652 kwa ajili ya kuhifadhi vitabu. Vitabu hivyo vililetwa na mtawa wa Kibudha aitwaye Xuanzang, aliyetoka nchini mwake bila ruhusa ya mfalme, akavuka majangwa na milima mpaka India, akasoma katika chuo cha Nalanda, na akarudi mwaka 645 akiwa na maandiko 657. Miaka iliyobaki ya maisha yake, mpaka alipofariki mwaka 664, aliitumia kuyatafsiri kwa lugha ya watu wake.

Kwa maneno mengine, hekalu lile lina kumbukumbu ya mwanafunzi aliyekwenda ng'ambo. Alikaa miaka kama kumi na sita. Waliompokea walimwuliza ameleta maarifa gani, kisha wakayajengea mnara. Sisi wa kwetu tunamwuliza ataleta simu ya aina gani. Hatumsifu Xuanzang kwa imani yake, kwa maana si imani yetu. Lakini Mkristo asione haya kujifunza bidii kwa mtu wa imani nyingine. Bwana wetu mwenyewe alimfanya Msamaria kuwa mfano mbele ya mwalimu wa sheria.

Barabara ile ya taa nayo haiko mbali na hapo. Inaanzia karibu na uwanja wa kusini mwa mnara, mahali iliposimama sanamu ya Xuanzang, na jina lake, Datang Buyecheng, lina maana ya mji wa Tang usiokuwa na usiku. Ni barabara ya waendao kwa miguu, yenye ngoma, maigizo, vyakula, na watu waliovaa mavazi ya kale. Familia nzima hutembea humo, bibi na wajukuu. Huko Xi'an kuna baa na kumbi za muziki pia, kama ilivyo katika kila mji mkubwa wa China, na wanafunzi wa kigeni huzijua. Lakini sisi tuliokuwa mezani hatukujua tofauti. Tuliona taa na giza, tukamaliza kesi.

Linalotuuma zaidi bado hatujalisema. Katika mji huohuo, katika jumba la makumbusho liitwalo Beilin, yaani msitu wa mawe yaliyoandikwa, limesimama jiwe lenye urefu wa karibu mita 2.8 na msalaba umechongwa juu yake. Lilisimamishwa mwaka 781. Limeandikwa kwa Kichina, na sehemu yake kwa Kisiria, nalo linasimulia kwamba mwaka 635 Mkristo mmoja aitwaye Alopen aliingia Chang'an akitoka magharibi, mfalme Taizong akampokea, Maandiko yakatafsiriwa, na baada ya miaka mitatu imani hiyo ikapewa kibali cha kuhubiriwa. Mfalme huyo Taizong ndiye aliyempokea Xuanzang miaka kumi baadaye. Wamisionari wa Leipzig walifika Uchagani mwaka 1893. Injili ilihubiriwa katika mji ule zaidi ya miaka 1,200 kabla ya hapo.

Binti yetu aliishi katika mji huo mwaka na nusu, akipanda mabasi yake kila siku, na hakuna mchungaji wala mwalimu wa kipaimara wala mzee wa kanisa aliyemwambia: mwanangu, ukifika huko nenda ukalitazame jiwe la msalaba. Tulimpa orodha ya mahali pa kukimbia, hatukumpa hata mahali pamoja pa kwenda. Na jiwe lile lina onyo la kweli ndani yake kuliko onyo letu. Kanisa lile lilinyauka. Mwaka 845 mfalme mwingine alitoa amri iliyovunja nyumba za watawa wa Kibudha, na Wakristo nao wakakumbwa. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na wanahistoria ni kwamba lilitegemea mno fadhili za wafalme na halikupata mizizi ya kutosha kwa wananchi wa kawaida. Kijana aliyesimama mbele ya jiwe hilo akiwa na mchungaji wa kumweleza angerudi nyumbani na maswali ya maana kwa Kanisa lake.

Tunajua hoja tutakazojibiwa, maana tumezisikia zikisemwa kwa sauti kubwa. Ya kwanza inasema: hekalu la sanamu ni nyumba ya mashetani, na kuingia ni kuabudu. Tuwajibu kwa Maandiko. Paulo alipofika Athene alichukizwa rohoni kwa kuuona mji umejaa sanamu. Hakufumba macho kwa sababu ya chukizo hilo. Alizunguka, akavitazama vitu vyao vya ibada kwa makini, akakuta madhabahu ya Mungu asiyejulikana, na mahubiri yake ya Areopago yakaanzia pale. Asingeitazama madhabahu ile, asingekuwa na mahali pa kuanzia. Naye Naamani, aliyeponywa katika Yordani, alimweleza Elisha kwamba kazi yake itamlazimu kuingia na bwana wake katika nyumba ya Rimoni. Nabii hakumtenga. Alimwambia aende kwa amani.

Hatufuti mpaka. Paulo huyohuyo aliwaambia Wakorintho kwamba sanamu si kitu, kisha akawakataza kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani, na akawataka waangalie dhamiri ya ndugu aliye dhaifu. Kuna kutazama na kuna kushiriki. Kuwasha vijiti vya ubani na kuinama mbele ya sanamu ni ibada, na Mkristo hafanyi hivyo hata kwa kupiga picha. Kusimama uwanjani, kuvua kofia kwa heshima, kusoma historia iliyoandikwa ukutani, kumwuliza mwenyeji anaomba nini na kwa nini, hayo si ibada. Ni ujirani. Kijana aliyefundishwa tofauti hiyo anaingia akijua anachofanya, na anatoka akiwa Mkristo. Aliyepewa marufuku tupu ataingia siku moja kwa kujificha, na akishaona kwamba radi haikumpiga, atadhani mengine yote tuliyomfundisha nayo yalikuwa ya kutishia watoto.

Hoja ya pili ni ya usiku na kinywaji. Hapa, wazee wetu, tusemeshane ukweli. Tumekaa katika kumbi za harusi mpaka saa 8 usiku, muziki ukitikisa viti, na kreti za bia zimelipwa kwa michango ambayo kamati yake ilifungwa kwa sala. Sisi wa mlimani tunajua mbege inavyozunguka kwenye shughuli zetu, na tunajua nani huipokea wa kwanza. Nyani haoni kundule. Glasi moja ya binti, mbali na kwao, imekuwa ulevi, na kreti zetu zimekuwa desturi. Hatusemi haya ili kuhalalisha pombe. Ulevi umeharibu nyumba zetu nyingi, na mwanafunzi anayeanza kukesha baa anaweza kupoteza masomo, afya na hata kibali cha kuishi nchini humo. Tunasema haya kwa sababu kijana ana macho. Aliyeona nyumbani kwamba sheria ni ya wadogo tu hataishika akiwa peke yake.

Tena tuulize anatafuta nini usiku ule. Baadhi wanatafuta anasa, hilo hatukatai. Lakini wengi wanatafuta watu. Bwana Yesu aliitwa mlafi na mlevi kwa sababu alikaa na watu mahali walipokuwa. Kama binti yetu alikwenda pale kwa kuwa wanafunzi wenzake walimgongea mlango katika bweni tupu wakamwambia twende, basi waliomgongea mlango walimfanyia lililokuwa wajibu wetu. Tungepaswa kuwashukuru kwanza, ndipo tuulize habari ya bia.

Hoja ya tatu husemwa kwa upole zaidi: tukianza kufafanua sana, vijana watachukua uhuru na kupotea. Sisi ni Walutheri, na hoja hii ilijibiwa mwaka 1522. Luther alipokuwa amefichwa Wartburg, wenzake kule Wittenberg walianza kuondoa sanamu makanisani kwa nguvu na haraka. Alirudi mwezi Machi akahubiri siku nane mfululizo. Alifundisha kwamba sanamu iondolewe kwanza moyoni kwa Neno, la sivyo kazi ya mikono ni bure. Na katika Katekisimo Kubwa, akieleza amri ya kwanza, anafundisha kwamba kile ambacho moyo wa mtu umekishikilia na kukitumainia, hicho ndicho mungu wake. Kwa kipimo hicho, tuwaulize washarika wetu: ni sanamu ipi iliyo hatari zaidi kwa kijana aliyeko China, ile iliyokaa hekaluni, au ile tunayomwagizia kila wiki kwa ujumbe wa simu? Tumemfundisha kwamba safari yake ina maana kwa sababu ya cheti, fedha na bidhaa. Hiyo nayo ni ibada, na makuhani wake ni sisi.

Wala si kweli kwamba Mlutheri anayeikaribia dini nyingine kwa heshima lazima apotee. Karl Ludvig Reichelt, mmisionari Mlutheri kutoka Norwei, alifika China mwaka 1903. Alitembelea nyumba za watawa wa Kibudha, akajifunza maandiko yao, akazungumza nao kama watu wanaomtafuta Mungu. Wenzake wengi walimshuku. Baadaye kule Hong Kong alianzisha kituo cha Tao Fong Shan, chenye majengo ya paa za Kichina kama nyumba ya watawa, na alama yake ni msalaba juu ya ua la yungiyungi, kama inavyoonekana kwenye lile jiwe la Xi'an. Huko watawa waliokuwa wakisafiri walipewa mahali pa kulala na habari za Kristo. Inawezekana kutokubaliana naye katika mambo fulani ya theolojia, lakini hakuna awezaye kusema alimficha Kristo. Nasi wa Kilimanjaro tulikuwa na Bruno Gutmann, aliyetumia miaka mingi kujifunza mila za Wachaga kabla ya kuzihukumu. Tunalitaja jina lake katika sherehe zetu, lakini njia yake hatuifuati.

Basi tufanye nini? Hatuombi kamati mpya wala bajeti kubwa. Kabla kijana hajaondoka, mchungaji akae naye mara tatu. Wasome pamoja Matendo 17 na Wakorintho wa Kwanza sura ya 8 mpaka ya 10. Amweleze kwamba China ina Wakristo wengi, na kwamba makanisa ya Kiprotestanti yaliyosajiliwa huko yanajengwa juu ya kujitawala, kujitegemea na kujieneza, maneno ambayo masikio ya Mtanzania yanayafahamu vizuri. Amweleze kwamba mgeni anaruhusiwa kusali katika makanisa hayo, lakini sheria hairuhusu mgeni kuhubiri au kugawa vitabu vya dini kama apendavyo, ili asijiingize matatani kwa kufuata ushujaa wetu wa mimbarini. Amweleze pia kwamba katika mji wa Nanjing kuna kiwanda cha Amity ambacho kimechapa Biblia zaidi ya milioni 200, nyingine kwa ajili ya Afrika. Huenda Biblia aliyomo nayo mkobani imetoka nchi ileile tunayomwogopesha nayo.

Akishafika, tumfuate. Ujumbe wetu wa neno la asubuhi tunautuma WhatsApp, na WhatsApp imefungwa China. Haifunguki bila VPN. Je, ni usharika gani umejisumbua kuweka WeChat kwenye simu moja ya ofisi? Tunapotoka ibada ya kwanza saa 3 asubuhi, kwake ni saa 8 mchana wa Jumapili. Ni saa nzuri ya kupigiwa simu. Tuchague mama mmoja na baba mmoja katika kila usharika wenye kijana ng'ambo, wampigie kila juma la pili, na wawe na masharti mawili: wasimwagize kitu, na wamwulize ameona nini. Akisema ameona hekalu, wamwulize habari za hekalu. Akisema amekwenda kwenye muziki, wamsikilize mpaka mwisho kabla ya kufungua kinywa. Mtu asiyeogopa kusimulia dhambi ndogo atakuwa na mahali pa kuipeleka kubwa.

Tuna methali tunayopenda kuwatishia vijana: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tumeitamka mara nyingi tukimnyoshea kidole mtoto. Tuisikilize tena. Anayelaumiwa kwanza katika methali hiyo ni mama, na Kanisa ndilo linalojiita mama.

Jina la binti yetu limerudishwa katika orodha ya maombi. Baraza lilikubali, ingawa si wote waliokubali kwa furaha. Tumemwandikia barua ya kumwomba msamaha, na ndani yake tumemweleza habari za jiwe la mwaka 781 na mahali lilipo. Mpaka tunapoandika haya hajajibu. Hatujui kama amekwenda kulitazama, wala hatujui kama atakaporudi atakuja kukaa katika benchi lake la kwaya. Kila Jumapili jina lake likisomwa, sisi tuliolifuta tunasimama pamoja na usharika tunaitikia, na tunajua kwamba katika sala hiyo wanaohitaji kuombewa ni zaidi ya mmoja.